Mbung'o au barabara? Gari la maksai na njia ya Ujiji

Gari la magurudumu manne linalokokotwa na wanyama ni chombo cha kale. Chungu kilichofukuliwa Bronocice, Poland, chenye umri wa takriban miaka 5,500, kina mchoro wake. Hata hivyo, katika karne ya 19 mizigo ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilisafiri mabegani mwa wapagazi, na lawama hutupiwa mbung'o.

Ushahidi upo. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyezoea magari ya maksai kusini mwa Afrika, alitoka Saadani hadi Mpwapwa na ng'ombe wachache, akaripoti kwamba njia inafaa. Mwaka uliofuata wenzake walipoingia na magari yenyewe, ng'ombe walikufa, kwa kuwa vimelea vya nagana, ugonjwa wa mifugo, vinavyoenezwa na mbung'o humkondesha mnyama na kummaliza damu hata ashindwe kusimama. Ilibidi wategemee wapagazi.

Lakini gari pia linataka njia iliyofyekwa kwa upana wake, kingo za mito zilizochongwa ili magurudumu yateremke, na mtu wa kugharamia ukarabati kila baada ya masika. Mpagazi wa Kinyamwezi alitosheka na kijia chembamba, akiwa na kilo 30 hivi begani, na alisafiri zaidi wakati wa kiangazi, kazi za shamba zikiwa zimepungua. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu, bidhaa yenye thamani kubwa kwa uzito wake, angejenga barabara ya nini? Mashariki ya Kati nako, ambako gari lilijulikana tangu zamani, ngamia alilisukuma kando kwa karne nyingi, na huko hakuna anayemsingizia mbung'o.

Kwa maoni yangu, mbung'o aliamua matokeo ya 1877, ila gharama ya njia ndiyo iliyoamua yale ya karne nzima. Makaburu waliofika Uasin Gishu, Kenya, na magari yao mwaka 1908 walipita nyanda za juu zenye mbung'o wachache, ni kweli, lakini walianzia Nakuru, ambako walifikishwa na reli iliyojengwa kwa gharama ya serikali. Njia ya Ujiji nayo ilipopata mlipaji, yaani serikali ya Wajerumani, ilijengewa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Hoja ya mbung'o haikufa kwa hayo: Vita Kuu ya Kwanza vilivyoanza mwaka huohuo viliwarudisha wapagazi njiani kwa maelfu, kwa kuwa farasi na nyumbu wa majeshi waliangamizwa na nagana ileile.