Mwatiko bila sindano: nani atasubiri miaka mitano?

Mfugaji wa mwatiko, samaki wa baharini anayefugwa mabwawani, huko Pemba bado anaitegemea bahari impe mbegu, yaani vifaranga. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likijaa hadi ndani ya mikoko, vifaranga huingia na maji. Maji yakipwa hubaki kwenye vidimbwi, na hapo ndipo watu huvikusanya kwa vyandarua. Msimu ukiwa mbaya, bwawa halipandwi. Ndiyo maana kituo cha kuzalisha vifaranga cha Beit el Ras, Unguja, kilichojengwa kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na KOICA, shirika la misaada la Korea Kusini, kina uzito wake. Ila kuzalisha kituoni kunaleta swali: samaki wazazi wadungwe homoni, au waachwe watage wenyewe?

Kwanza tuiondoe hofu ya mlaji kwamba atakula homoni. Anayedungwa ni mzazi. Kifaranga kitakacholiwa miezi mingi baadaye hakikuguswa na sindano. Hofu hii imetoka zaidi kwa sato, ambao vifaranga vyao hulishwa homoni ili wote wawe madume. Na hata huko kuna njia nyingine, tena yenye asili kwetu: mwaka 1960 mtafiti Hickling alieleza kwamba huko Malacca, katika Malaysia ya leo, madume ya perege (jamaa wa sato) kutoka Zanzibar, yakipandishwa kwa majike ya perege wa Msumbiji, yalizaa madume matupu.

Wanaotetea sindano wana hoja nzito. Mwatiko aliyefungiwa hunenepa vizuri, lakini mara nyingi mayai yake hayafiki mwisho wa kuiva. Homoni huikamilisha hatua hiyo, na mtaalamu akaijua siku ya kutaga, akatayarisha mwani na rotifa, vijidudu vidogo mno vya majini, wa kulisha vifaranga. Mwenye wazazi wachache hawezi kulipuuza hilo.

Lakini sindano haimgeuzi samaki mchanga kuwa mzazi. Mwatiko hukomaa akiwa na miaka 5 hivi, na miaka hiyo utaigharamia kwa njia yoyote utakayochagua. Isitoshe, ni samaki mwoga mno. Ukimshika anarukaruka na kupukutisha magamba, na wapo wanaokufa kwa kushikwa tu. Chakula cha miaka mitano kinapotea kwa dakika chache.

Mwaka 1980 huko Igang, kisiwa cha Guimaras nchini Ufilipino, mwatiko waliolelewa na kituo cha SEAFDEC, taasisi ya uvuvi ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, katika vizimba vya baharini walitaga bila kudungwa. Kilichowasaidia ni umri, maji ya chumvi kamili na utulivu. Baadaye Bali, kisiwa cha Indonesia, ikaenda mbali zaidi: vituo vyenye wazazi huuza mayai yaliyorutubishwa, na familia huangua na kulea vifaranga kwenye matangi ya uani kwa wiki tatu hivi.

Njia hii si rahisi. Inataka wazazi wengi, maana madume machache yakitawala, vifaranga vyote vitakuwa ndugu. Inataka pia mtu wa kukusanya mayai usiku, kwani mwatiko hutaga gizani. Hata hivyo naiunga mkono, na sindano ibaki akiba ya mwaka ambao wazazi wamegoma. Ghuba za magharibi ya Pemba zina maji matulivu yanayofaa kujaribiwa kwa vizimba. Mradi wa miaka miwili au mitatu hautayaona mayai hayo. Kwa hiyo chakula cha wazazi kiwekwe kwenye bajeti ya serikali mwaka hadi mwaka, na wafugaji wa Pemba waanze kufundishwa kulea vifaranga uani hata kabla yai la kwanza halijatagwa.