Waprotestanti wahafidhina na chama cha Republican: nani anamwongoza nani?

Katika chaguzi za Marekani za 2016, 2020 na 2024, takriban Wakristo wa kiinjili (Waprotestanti wahafidhina wanaosisitiza kuokoka) 8 kati ya kila 10, kwa upande wa Wazungu, walimpa Donald Trump wa Republican kura zao. Wengi huona hapo kanisa limekiteka chama. Mimi naona ushahidi unaelekea zaidi upande wa pili, yaani chama ndicho kilicholiteka kanisa.

Tuanze na haki yao, maana mara nyingi wanaonewa. Hoja kwamba imani ikae mbali na siasa haina mashiko. Martin Luther King alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na alidai haki za weusi kwa maneno ya manabii wa Biblia. Anayemsifu King hawezi kumwambia Mbaptisti wa Texas afunge mdomo. Matunda mema nayo yapo. Mwaka 2003 Rais George W. Bush, mlokole mwenyewe, alianzisha mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI, na viongozi wa kiinjili walikuwa miongoni mwa waliousukuma. ARV zilizojaa kliniki za Tanzania, Kenya na Uganda zimetokana kwa sehemu kubwa na fedha hizo. Wapo watu wetu walio hai leo kwa sababu hiyo, na ni dhuluma kulisahau.

Hata hukumu ya Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973, haikuja kwa mlango wa nyuma. Watu walijipanga miaka zaidi ya 40, tangu mchungaji Jerry Falwell alipoanzisha Moral Majority, vuguvugu la kuwaingiza Wakristo wahafidhina katika siasa, mwaka 1979. Walipiga kura, wakapata marais walioteua majaji. Ndivyo demokrasia inavyofanya kazi, hata kama matokeo yanakuudhi. Ni kweli pia kwamba Agosti mwaka huohuo wapiga kura wa Kansas, jimbo la Republican, walikataa kwa asilimia 59 kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yao.

Shida yangu iko kwingine. Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, ulipitisha azimio la kutaka sheria iruhusu kutoa mimba kwa sababu kadhaa, ikiwemo afya ya mama ya mwili, akili na hisia. Baadaye wakageuka kabisa. Kugeuka si dhambi. Mtu husoma, huomba, hubadilika. Lakini tazama la 1998. Rais Bill Clinton, wa chama pinzani cha Democrat, akiwa katika kashfa yake ya ngono, mkutano huohuo ulitangaza kwamba kuvumilia uovu mkubwa wa viongozi hufisha dhamiri ya jamii. Taasisi ya utafiti ya PRRI iliuliza mwaka 2011 kama kiongozi mwenye uchafu katika maisha binafsi anaweza kutimiza wajibu wake kwa uadilifu. Asilimia 30 tu ya Wazungu wa kiinjili walisema ndiyo. Mwaka 2016, Trump akigombea, walifika 72. Biblia haikubadilika katika miaka hiyo 5. Kilichobadilika ni mgombea.

Waprotestanti weusi, ambao wengi wao wanashika mafundisho yaleyale ya wokovu, wamebaki kwa wingi mkubwa na Democrat, kwa hiyo sikubali kwamba Biblia yenyewe ndiyo inayoelekeza kura upande mmoja.

Chama nacho kimeshajua kura hizi haziendi popote. Mwaka 2024 Republican waliondoa kwenye ilani yao dai la miaka mingi la kuwekea mipaka utoaji mimba kwa nchi nzima, wakaliachia majimbo. Baadhi ya viongozi wa kiinjili walilalamika hadharani. Novemba ilipofika, wakapiga kura vilevile, na Januari 2025 serikali waliyoiweka madarakani ikasimamisha misaada ya nje, PEPFAR ikatikisika pamoja nayo.