Mazuku hayatokei kwenye picha

Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, simu yangu ilijaa video za anga jekundu juu ya Goma. Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na mji huo wa Kongo, ulikuwa umelipuka. Nilikuwa nyumbani Kirumba, Mwanza, nikazitazama moja baada ya nyingine. Wekundu ule sijauona hata jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck.

Baadaye, pale sokoni Mwaloni, nilikutana na mama mmoja wa Goma aliyekuja kununua dagaa. Baada ya shikamoo nikamwambia mlima wao ni mzuri sana.

"Ni mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini mazuku je?"

Sikulijua neno hilo. Akanieleza huku akikagua magunia yake. Mazuku ni hewa ya ukaa inayovuja kutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujaa mabondeni na mashimoni, hasa usiku upepo ukitulia. Haina rangi wala harufu. Mbuzi huanguka malishoni bila jeraha. Mtoto akiinama kuokota kitu anaweza asiinuke tena, na mtu mzima aliyesimama kando yake bado anapumua.

Lava nayo inaua, sibishi. Ya Nyiragongo ni nyepesi kama uji wa mgonjwa kwa sababu ina kiasi kidogo cha madini ya silika. Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni, na ziwa zima la lava lililokuwa kasokoni, yaani kwenye shimo la kileleni, likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaishia Ziwa Kivu. Lakini lava unaiona ikija.

Kuna wanaouliza kwa nini watu wale hawahami. Swali hilo huniudhi, hasa likitoka kwetu tunaojenga Mabatini na Igogo chini ya mawe makubwa kuliko nyumba zetu. Mawe yetu ni moto uliopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Ya kwao bado yanachemka, na udongo wake unawalisha.

Kinachonisumbua ni hili. Shuleni nilikariri kasoko, majivu na aina za milima ya volkano. Mazuku sikufundishwa, wakati wanasayansi wa mataifa mengine wamelichukua neno hilo kutoka kwa watu wa Goma na kuliandika vilevile katika tafiti zao. Neno liko kinywani mwa majirani zetu, tunaouziana nao dagaa, nasi tunawaomba picha tu. Naomba walimu wa jiografia waliandike ubaoni. Wanafunzi wa leo ndio watakaopanda Ol Doinyo Lengai kesho, na huko pia kuna volkano hai.

Video zile bado ninazo. Nikizitazama sasa, ninatafuta mabonde.