Tunamlaumu wakili, jina la kuazima tunaliacha

Tangu itoke ile amri ya serikali ya Tanzania ya Julai 2025 ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara 15, nimesikia maneno yaleyale vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba mawakili wanaoshughulikia kampuni na vibali vya wageni ndo wanaouza nchi. Nimelifikiria sana hili, na naona tunamkaba mtu ambaye siye.

Niseme kwanza wanaolalamika wana hoja. Mtu ametoa kilemba Kariakoo, ile hela ya kuachiwa chumba cha duka, amepata fremu kwa shida, mzigo anachukua kwa mgeni anayeshusha kontena, halafu mgeni huyohuyo anafungua duka mlango wa pili na kuuza rejareja kwa bei ambayo huyu wa kwetu hawezi kushindana nayo. Hiyo inauma, wala sio chuki. Ndo maana rejareja na jumla zimo kwenye orodha, na zimo pia uwakala wa pesa kwa simu, saluni, kutengeneza simu, udalali wa nyumba, kutoa mizigo bandarini, mpaka kununua mazao shambani. Na wapo mawakili, tusidanganyane, wanaomwandikia mteja kwenye maombi kwamba ni mtaalamu wa ufundi huku wanajua kesho atakaa kaunta. Hao wapelekwe kwenye kamati ya maadili ya mawakili, sina cha kuwatetea.

Lakini kazi yenyewe ya kila siku ikoje? Mgeni anayetaka kufanya kazi hapa anahitaji vibali viwili kutoka ofisi mbili, kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi kwa sheria ya 2015, halafu kibali cha ukaazi Uhamiaji. Kabla ya hapo kampuni isajiliwe BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, TIN yaani namba ya mlipakodi ipatikane, leseni itafutwe. Sasa chukulia Mkenya anatua Dar na hela zake anataka kufungua kampuni ya kutoa mizigo. Wakili anayejua kazi anamwambia palepale mezani hii imo kwenye orodha, ukiifanya faini haipungui milioni 10 au kifungo hadi miezi 6, na visa na kibali vinafutwa, tafuta shughuli nyingine. Yule mgeni anaondoka. Amri imelindwa kabla afisa yeyote hajatoka ofisini, na hakuna anayeiona hiyo kazi maana hakuna kilichotokea cha kuonekana.

Asipofika kwa wakili ndo anafika kwa yule mwingine, na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Kuna kijana mtaani kwetu Tandika, nimeuona mkataba wake kwa macho yangu. Karatasi mbili zimechapwa stationery, zimegongwa muhuri wa bluu wa mtu anayejiita wakili. Zinasema kijana "ataazima jina" lake kwa mgeni mwenye mali, yaani atampa alitumie kwenye biashara, naye atalipwa laki mbili kwa mwezi. Leseni jina lake, TIN yake, mkataba wa fremu kasaini yeye, mashine ya EFD ya kutolea risiti imesajiliwa kwake. Duka hajawahi kuuza hata siku moja. Miezi kumi na kitu alipokea hela yake vizuri tu, halafu mwenye mali akaondoka na mzigo, simu haipatikani, na makadirio ya kodi yakaja kwa jina lililoko kwenye TIN. Utamwambia nini afisa wa kodi, kwamba biashara sio yangu? Karatasi zote zinasema ni yako. Tulipotafuta lile jina la kwenye muhuri kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wenye orodha ya mawakili, halikuwepo. Alikuwa kishoka, wakili feki.

Hiyo ni kabla ya amri. Leo angeandika mkataba kama ule angekuwa pabaya zaidi, maana raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa naye ana faini ya milioni 5 au miezi 3 jela. Na mahakamani haendi, kwasababu kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Yaani mgeni akikunyima laki mbili zako huna pa kudai, na yeye ukimgeuka ukasema duka ni langu hana pa kudai, sasa hapo kinachobaki ni ubabe na ngumi. Wakiamua kupitia kampuni kuna tamko la mmiliki manufaa BRELA, wataje nani hasa mwenye mali, wakidanganya ni kosa jingine.

Wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanasema Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imevunjwa, na Kenya ililalamika wazi kupitia waziri wake wa biashara, Lee Kinyanjui. Hoja yao ni nzito, haki ya kuanzisha biashara imo kwenye itifaki, ingawa kila nchi iliweka na ratiba yake ya ahadi, yaani itafungua nini na lini. Na Watanzania tunauza Lubumbashi na Nairobi, tukumbuke hilo kabla ya kushangilia sana.

Mawakili nao wapunguze usiri wa bei. Mtu haambiwi ada ya serikali ni ipi na ya wakili ni ipi, anatajiwa jumla moja, anaogopa anakimbilia kwa kishoka. Waandike zote mbili, kila moja peke yake, kwenye karatasi, watu waone.

Yule kijana wa Tandika mwezi uliopita alipata mtaji wa kufungua genge lake la vifaa vya simu, la kwake kweli safari hii. Kaenda kuomba leseni, kaambiwa alete tax clearance, cheti cha kuonyesha hadaiwi kodi.