Vipande 10 au 11? Hesabu ya kukata karatasi ngumu kwa ajili ya kadi za mkono

Karatasi moja ngumu ya inchi 20 kwa 30, yaani milimita 508 kwa 762, inatoa kadi ngapi za kukunjwa? Kwa muda mrefu nilikuwa nikijibu 10 bila kusita, hadi fundi mwenzangu wa hapa Bagamoyo, ambaye hubandika maganda ya mgomba kwenye kadi na kuwauzia watalii wanaorudi kutoka magofu ya Kaole, aliponichorea kwa penseli mpangilio unaotoa 11. "Dada, kila karatasi unayokata unatupa kadi nzima," aliniambia, na kwa hesabu tupu alikuwa sahihi. Tumebishana mara nyingi tangu hapo. Naupima ubishi huo hapa kwa pande zote mbili, kwa sababu unamhusu yeyote anayenunua karatasi kubwa Kariakoo na kuzikata mwenyewe nyumbani, ingawa sitaficha ninakoegemea.

Kadi tunayoizungumzia ni ile ambayo ikishakunjwa huwa A6, milimita 105 kwa 148, na huingia bila kubanwa katika bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Kabla ya kukunjwa ni kipande cha A5, milimita 148 kwa 210. Vipimo hivyo vya A vinatoka katika mfumo wa kimataifa wa ISO 216, ambamo kila ukubwa ni nusu ya ule unaoutangulia, ilhali karatasi yetu kubwa imekatwa kwa inchi. Mgogoro wote unaanzia hapo: tunataka kutoa vipande vya mfumo mmoja katika karatasi ya mfumo mwingine, na haviwezi kukaa humo bila kuacha mabaki.

Mpangilio wangu ni rahisi. Karatasi husimamishwa wima, upana wake wa milimita 508 hugawanywa katika safu mbili za milimita 210, na kila safu hukatwa vipande 5 vya milimita 148. Jumla ni 10, na pembeni hubaki ukanda wa milimita 88 unaokwenda urefu wote wa karatasi. Mwenzangu yeye huchanganya. Huanza na safu mbili zenye upana wa milimita 148, kila moja ikiwa na vipande 3 vilivyosimama, kisha huongeza safu ya tatu yenye upana wa milimita 210 ambayo ndani yake vipande 5 hulala. Ukijumlisha 148, 148 na 210 unapata 506, hivyo katika upana wote hubaki milimita 2 tu. Mpangilio wangu hutumia takriban asilimia 80 ya karatasi, na wake asilimia 88. Kwa mtu ambaye gharama yake kubwa ni karatasi, na ambaye hulipa nauli kuifuata Dar es Salaam, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Hata hivyo, karatasi si bati. Inapotengenezwa kiwandani, nyuzi zake hulala zaidi kwa kufuata mwendo wa mashine, na mwelekeo huo hubaki ndani yake hata ikishakatwa. Ukiikunja sambamba na nyuzi, mkunjo hutulia na ukingo wake huwa laini; ukiikunja kwa kuzikata nyuzi, hasa ikiwa ni nzito ya gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba, uso wake hupasuka na mgongo wa kadi hutoa manyoya meupe ambayo mnunuzi huyaona kabla hajaliona ua uliloligandisha mbele. Sasa tuchukue karatasi ambayo nyuzi zake zinafuata upande mrefu. Katika mpangilio wangu, kadi zote 10 hukunjwa sambamba na nyuzi. Katika mpangilio wa mwenzangu, zile 5 zilizolala hukunjwa vizuri, lakini zile 6 zilizosimama hukunjwa kinyume. Amepata kadi 11, ila zaidi ya nusu yake zina kasoro iliyopangwa tangu mstari wa kwanza wa penseli.

Hapo ningeweza kudai ushindi kama mwenzangu asingeniuliza swali moja: je, kama nyuzi zinafuata upande mfupi? Basi mambo hugeuka, na kadi zangu zote 10 hukunjwa kinyume ilhali yeye hupata 6 zilizo nzuri. Kwa karatasi ya namna hiyo, mpangilio unaoheshimu nyuzi ni wa vipande 9, safu tatu za vipande vitatu vilivyosimama, na hata mimi huumia kuukata. Kwa miaka nilikuwa nikijisifu kwa jambo nililolipata kwa bahati, kwa sababu karatasi nilizozizoea zilikuwa na nyuzi za upande mrefu. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya rula, ni kuzijua nyuzi. Chana kipande kidogo cha pembeni kwa mikono: kikichanika kwa mstari ulionyooka, umefuata nyuzi, kikikwenda upande na kuacha meno, umezikata. Au lowesha uso mmoja wa kipande cha mraba, nacho kitajiviringa kama mkeka, na mhimili wa mviringo huo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Mwenzangu ana jibu la pili, nalo lina uzito zaidi. Anasema mkunjo haupasuki ukitangulia kuuchorea mfereji, yaani kupitisha kalamu iliyokwisha wino kandokando ya rula ya chuma kwa mkandamizo wa wastani, kisha kukunja ili tuta lililojitokeza libaki upande wa ndani. Ni kweli kabisa. Kwa karatasi ya gramu 160 au 200, mfereji mzuri hufuta karibu tofauti yote, na kama kadi zako ni za uzito huo, sehemu kubwa ya hoja yangu inaanguka. Kwa uzito wa 250 na kuendelea, mfereji hupunguza mpasuko lakini hauumalizi, na kalamu hiyo hiyo ikikandamizwa kupita kiasi hukata badala ya kubonyeza.

Kuna jambo moja ambalo mfereji hauligusi kamwe, nalo ni unyevu. Sisi tunaishi pwani. Nyuzi zikinyonya maji hutanuka kwa unene wake na karibu hazirefuki, kwa hiyo karatasi iliyopakwa gundi ya maji upande mmoja hujipinda kwa kufuata nyuzi, na wakati wa masika hujipinda hata kabla ya gundi. Rundo la kadi ambazo nyuzi zote zinaelekea upande mmoja hujipinda kwa namna moja, na ukililaza chini ya vitabu vizito usiku mmoja hunyooka pamoja. Rundo lililochanganywa, sita hivi na tano vile, hugombana lenyewe kwa lenyewe. Nimewahi kupanga kadi za namna hiyo kwenye meza ya kuuzia, zikasimama kama watu wasiosalimiana.

Tuje kwenye kisu. Mpangilio wa 11 unaacha milimita 2 za kukosea katika upana wote wa karatasi, na hizo ni kwa karatasi yenye kingo nzima na pembe mraba. Karatasi iliyosafiri kwenye daladala ikiwa imeviringishwa na kufungwa kamba mara nyingi hufika na ukingo uliobonyea, na ukiukata ukingo huo kwa milimita 5 tu, kadi ya kumi na moja imeondoka nao. Wengi pia hupima kila kipande kuanzia mwisho wa kile kilichotangulia, hivyo kosa la milimita moja hurudiwa hadi kipande cha tano kinakosea kwa milimita 5. Dawa ni kuweka alama zote kuanzia ukingo mmoja ule ule, kutumia rula ya chuma na si ya plastiki ambayo wembe huila, na kupitisha kisu mara tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Mpangilio wangu husamehe makosa haya kwa sababu una ukanda mpana wa kuyameza. Ule wa mwenzangu unamtaka mkataji awe macho kuanzia asubuhi hadi karatasi ya mwisho, jambo ambalo yeye analiweza na mimi, baada ya karatasi ya ishirini, siliwezi.

Pesa nazo zihesabiwe kwa oda, si kwa karatasi moja. Kwa kadi 100, mimi nahitaji karatasi 10. Yeye akikata 9 anapata 99, kwa hiyo naye analazimika kuanza ya kumi. Kwa kadi 200, mimi nahitaji 20 na yeye 19. Kwa kadi 1,000, mimi 100 na yeye 91, na hapo ndipo akiba yake inaonekana. Oda nyingi za kadi za mkono hapa mjini ni ndogo, na katika oda ndogo akiba ya kadi ya kumi na moja hupotelea kwenye kule kukamilisha karatasi ya mwisho.

Isitoshe, ule ukanda wangu wa milimita 88 si taka. Huupasua katikati nikapata kanda mbili za milimita 44, kila moja ikitoa alamisho 5 za kitabu zenye urefu wa milimita 148, yaani 10 kwa kila karatasi. Mabaki makubwa ya mwenzangu ni kipande cha milimita 132 kwa 296 kinachotoa alamisho 6 za ukubwa huo huo. Kwa hiyo swali la haki ni kama kadi 10 na alamisho 10 zina thamani kuliko kadi 11 na alamisho 6, na jibu lake linategemea kama alamisho zako zinanunuliwa. Zangu zinanunuliwa na watalii. Katika harusi hakuna anayezitaka.

Wapo wanaotoroka mgogoro wote kwa kubadili kadi yenyewe. Kipande cha milimita 254 kwa 127 huingia mara 12 kamili bila kubakiza chochote, na kikikunjwa huwa kadi ya mraba. Ni hesabu ya kupendeza, ila kadi hiyo haiingii katika bahasha ya C6, na karatasi uliyookoa utaitumia kutengeneza bahasha.

Kupeleka karatasi kwa mchapaji mwenye gilotini, yaani mashine ya kukatia karatasi, kunafaa kwa rundo kubwa, mradi zikatwe kabla ya kupambwa, kwa sababu kibanio cha mashine hiyo kitaponda ganda la mgomba. Mipangilio yote miwili inakatika humo, kwani kila mkato hupita kutoka ukingo hadi ukingo.

Kwa kadi za kukunjwa za karatasi nzito, basi, nimebaki na 10, au 9 nyuzi zikinilazimisha. Lakini kadi za mchango wa harusi ni habari nyingine. Nyingi huwa bapa, hazikunjwi, hazipakwi gundi, na nyuzi zikielekea popote hakuna atakayejua. Nilipopata oda ya kadi 480 za A6 bapa, nilirudi kwenye mchoro wa mwenzangu wa safu tatu. Zile safu mbili za milimita 148 zinatoa kadi 14, safu ya milimita 210 ikipasuliwa katikati inatoa 10, jumla 24 kwa kila karatasi, ilhali mpangilio ambao kadi zote zinaelekea upande mmoja hautoi zaidi ya 21. Nilitumia karatasi 20 badala ya 23, nikanunua moja ya ziada kwa ajili ya makosa, na nikamtumia mwenzangu picha ya mabaki, kanda nyembamba zisizofika upana wa vidole viwili. Akaniuliza kama hatimaye nimekubali 11. Nikamjibu kwamba nimekubali 24.