Chatu wako hahitaji panya anayekimbia

Mwanza mtu akifuga chatu, majirani huuliza kwanza siku ya kumlisha. Siku ikifika watoto wanajazana dirishani, simu zinatolewa, kuku mzima anatumbukizwa bandani akipiga kelele na watu wanashangilia. Naupinga mtindo huo waziwazi. Nyoka wa kufugwa alishwe windo lililokwisha kufa, lililogandishwa na kuyeyushwa vizuri. Wengi wanaoendelea na mawindo hai si wakatili. Hawajaonyeshwa njia nyingine, ndiyo maana nitaieleza hatua kwa hatua.

Usukumani nyoka si mgeni. Bayeye, chama cha kale cha wacheza na nyoka, walijua kuwashika nyoka tangu zamani, na hadi leo kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, mcheza ngoma akiingia na chatu shingoni uwanja mzima unasimama. Ujuzi ule naupa heshima yake. Ila kucheza na chatu uwanjani ni kazi moja, na kumtunza bandani miaka ishirini ni kazi nyingine, ambayo kiini chake ni chakula. Na kabla ya chakula kuna kibali: chatu ni mnyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamlinda, huwezi kumwokota shambani Magu ukamweka sebuleni kwa hiari yako.

Sasa tumwangalie panya. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hutafuna bila kuchoka, na akiona kifo hutafuna zaidi. Chatu akimkamata kichwani, mapambano huisha haraka. Akimkamata kiunoni au mguuni, kichwa cha panya kinabaki huru ndani ya mikunjo, na kilicho karibu naye ni jicho la nyoka, mdomo wake au ngozi ya mgongo. Kibaya kuliko hapo ni pale nyoka hana njaa. Mfugaji anamwacha panya bandani usiku kucha akidhani chatu atakula baadaye, panya anapatwa na njaa yeye, na kwa kuwa nyoka aliyeshiba au anayejivua gamba mara nyingi hajitetei, asubuhi anakutwa ametafunwa mgongo hadi mfupa unaonekana. Kidonda cha namna hiyo kinaoza kwenye unyevu wa banda.

Najua jibu linalotolewa: porini nani humyeyushia chatu windo? Hakuna, na porini chatu ana eneo zima la kukimbilia, huchagua saa yake ya kuvizia, na bado wengi wana makovu au hufa kwa majeraha. Banda la mita moja na nusu halimpi nafasi hiyo. Na windo lenyewe lina uchungu wake. Kulifungia chumba kimoja na nyoka ili watu warekodi video ni mateso yasiyo na faida kwa yeyote.

Panya wa mtaani ni hatari ya pekee. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi papo hapo. Huendelea kutembea siku kadhaa huku sumu ikiwa mwilini mwake. Ukimnasa Mabatini au Igoma siku ya pili, unamwona mzima kabisa, kumbe unampelekea chatu sumu. Kugandisha hakuiondoi sumu hiyo. Hupunguza baadhi ya vimelea tu, na bakteria kama salmonela huvumilia baridi ya friza. Kwa hiyo panya atoke kwa mtu anayewafuga, au uwafuge mwenyewe: panya weupe hubeba mimba siku 21 hadi 23, majike watatu wanatosha kabisa kwa chatu mmoja mdogo. Kwa chatu mkubwa, sungura wa kufugwa ni rahisi kupatikana huku kwetu kuliko panya. Vifaranga vya siku moja vinafaa mara mojamoja, visiwe chakula cha kila wiki, maana mifupa yao bado ni laini, haina kalisi ya kutosha, na kinyesi cha nyoka huwa majimaji. Samaki na nyama ya buchani achana navyo. Chatu anahitaji mnyama mzima, mifupa, ini na manyoya yake. Kuua kufanywe haraka na kwa ustadi, kwa hiyo omba daktari wa mifugo akuelekeze, usijaribu kwa kubahatisha.

Kwa ukubwa, windo lilingane na unene wa nyoka pale aliponenepa zaidi, likizidi lizidi kidogo. Kwa uzito, chatu mchanga hupewa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kila baada ya siku 7, yaani mwenye gramu 300 anakula panya wa gramu 30 hadi 45. Mkubwa hupewa asilimia 5 hadi 7 kila wiki tatu au nne; chatu wa kilo 10 anatosheka na sungura wa gramu 500 hadi 700. Mizani ya jikoni ni ya lazima. Wanaokadiria kwa macho karibu wote huzidisha, na nyoka mnene si nyoka mwenye afya.

Panya akishauawa, mlaze amenyooka, mweke peke yake kwenye chombo chenye mfuniko, andika tarehe na uzito, kisha mgandishe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndani ya miezi sita awe ametumika. Friza ya chakula cha familia isichanganywe naye. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friza iliyojaa hushikilia ubaridi kwa muda wa saa 48 hivi, iliyojaa nusu tu kwa saa 24, kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji. Barafu ya samaki inayouzwa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, husaidia kuchelewesha tu, haiwezi kugandisha upya kilichokwisha kulainika. Na kilichoyeyuka hakirudishwi kwenye friza.

Kuyeyusha ndiko wengi wanakoharibu. Mtoe panya usiku umweke kwenye friji ya kawaida, siyo juani wala juu ya meza: panya mdogo kwa muda wa saa sita hadi nane, mkubwa usiku kucha, sungura kwa saa 24. Usiku wa kulisha, mtie kwenye kopo la bati lililosafishwa, kama la maziwa ya unga, funika, kisha lizamishe kwenye beseni la maji ya nyuzi 40 hivi, yaani maji ambayo mkono unavumilia kukaa ndani. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, ukibadilisha maji yakipoa. Sungura atataka zaidi ya saa moja. Maji yanayochemka humpika nje akabaki barafu ndani, tumbo likapasuka. Maikrowevu nayo hufanya vivyo hivyo.

Kabla ya kumpeleka bandani, mbonyeze tumbo kwa vidole viwili, chini kidogo ya mbavu. Awe laini mpaka katikati. Ukigusa kitu kigumu kama kokoto, hapo bado pameganda. Mrudishe majini, kwa sababu kiini baridi kinaozea tumboni mwa nyoka kabla hakijasagwa, naye atakitapika. Akiwa tayari, mpashe kichwa kwa maji ya moto kidogo zaidi kwa dakika moja, mfute. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, na pua yenye joto la nyuzi 37 au 38 ndiyo inayomwambia hiki ni chakula.

Mshike panya kwa koleo ndefu ya sentimita 40 au zaidi, ukimbana mgongoni, kichwa kikimwelekea nyoka. Usimpe kwa mkono hata siku moja, na nawa kabla hujafungua banda, maana mkono unaonuka panya huumwa kama panya. Mtikise taratibu, usimgonge nyoka usoni. Akishambulia, achia koleo, ondoka, zima taa ya chumba. Sakafu iwe na magazeti au trei ili asimeze vumbi la mbao. Chatu aliyezidi mita mbili na nusu asilishwe na mtu mmoja peke yake, na watoto wasiwepo chumbani. Ukimaliza, beseni, kopo na koleo vioshwe kwa sabuni mbali na vyombo vya jikoni.

Kuna nyoka mgeni ambaye hajazoea mfu, na hapo mfugaji anaruhusiwa kuwa na subira kuliko huruma ya haraka. Akikataa, ruka wiki nzima bila kumlisha, kisha mpe tena usiku, panya akiwa na joto zaidi, banda likiwa limefunikwa. Nyoka mzima mwenye mwili mzuri anakaa wiki kadhaa bila kula na hapati madhara; macho yakiwa meupe kama maziwa anajivua gamba, usimsumbue kabisa. Daktari akisema hakuna budi ila windo hai, liwe dogo kuliko kawaida, simama hapo hapo ukiwa na koleo, na baada ya dakika 15 litolewe.

Jambo ambalo Mwanza tunalipuuza ni joto. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 20. Chatu hasagi chakula kwenye baridi hiyo. Upande mmoja wa banda ufike nyuzi 30 hadi 32 usiku na mchana, kwa taa ya joto iliyozungushiwa wavu na yenye themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, upande mwingine ubaki na ubaridi kidogo ili achague. Umeme ukikatika siku ya kulisha, ahirisha. Umeshamlisha ndipo ukakatika, chupa za maji moto zilizofungwa kwa taulo huokoa usiku mmoja.

Baada ya kula, asishikwe saa 48, na mkubwa siku nne au tano. Akitapika, usimlishe upya kesho yake. Ngoja siku 14, maji safi yawepo muda wote, kagua joto, kisha mpe windo la nusu ya uzito wa kawaida. Akitapika mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na alichokitapika, kikiwa kwenye kopo lenye mfuniko, tarehe na uzito vikiwa vimeandikwa.