Sikupiga Saluti

Kabla hamjaendelea kucheka: sikupiga saluti. Koplo wangu, aliyenitembelea Jumapili hapa Kayole, ameshaandika kwenye grupu ya platuni kwamba nilipiga saluti uchi mbele ya chama cha akina mama. Uongo. Sikuwa na kofia, na kila kuruta anajua bila kofia hakuna saluti.

Nimerudi wiki jana kutoka Somalia, upande wa Kismayo. Misheni ya Umoja wa Afrika iliitwa AMISOM, ikawa ATMIS, sasa ni AUSSOM, ila kuoga ni kule kule: nyuma ya magunia ya mchanga, wanaume watupu, ndoo moja watu watatu, huyu anamsugua yule mgongo. Taulo ni ya shingoni. Ukijifunga kiunoni unaulizwa unaficha mali gani ya serikali. Mimi mwezi wa kwanza nilijifunga. Wakaniita Bibi Harusi mpaka Krismasi.

Basi Jumapili nikaoga kwenye bafu la ploti, nikatoka. Ndoo mkononi, taulo shingoni, mluzi mdomoni. Hatua tatu. Kwanza nikaona viti vya plastiki. Halafu chupa ya chai. Halafu andazi, limeganda hewani katikati ya sahani na mdomo wa mtu. Akina mama tisa. (Aliyewaambia kumi na wanne ni yule yule koplo.) Mluzi bado unajiendea. Mama mwenye ploti akainuka, akanguruma: "Wewe!"

Sauti ile, jamani, ni sajini mtupu. Mwili ukaitika kabla yangu. Ndoo chini, kifua mbele, slipa zikagongana pa! Mikono ikanyooka mapajani. Mapajani, wapendwa, ambako haisitiri kitu. Macho nimeyakaza kwenye tangi la maji. Nikasikia mtu anapaaza sauti, "Afande!" Ni mimi.

Kimya.

Mweka hazina akauliza polepole, "Kwani huyu ni wa chumba gani?"

"Nambari sita!" nikajibu, bado wima.

Leso ikarushwa, nikaingia ndani, nikamkuta koplo sakafuni anafuta machozi. Msamaha nimeshaomba. Sajini naye kaandika kwenye grupu maneno mawili tu: "Bibi Harusi."

Leso bado ninayo. Nimegonga milango yote ya ploti, hakuna anayekubali ni yake.